Likizo Msuka: nunua saa ya kufika, usinunue usingizi

Mtu wa Msuka anayefanya kazi Maskati akija likizo hana la kununua. Saa ya Oman imeitangulia ya Pemba kwa saa moja tu, na mwili wake utajipanga wenyewe usiku wa kwanza. Ndugu yake aliyeko London ana saa mbili au tatu za kurekebisha, kutegemea mwezi. Wa Toronto ana saba au nane, na huyo ndiye anayeuziwa kila kitu: vidonge vya usingizi, mto wa shingo, chai ya majani ya kutuliza, kiti chenye nafasi ya miguu. Baada ya yote hayo anafika Msuka, bibi yake kamchinjia kuku, naye saa saba mchana kalala juu ya jamvi, sahani haijaguswa.

Tumelinganisha hapa gharama za kuuzoesha mwili saa za Pemba kwa wasafiri hawa watatu, na jibu letu tunalitoa mapema. Pesa inayookoa siku za likizo ni ile inayotumika wakati wa kukata tiketi: kuchagua mwezi, mahali pa kubadilishia ndege na saa ya kutua. Ukishatua, dawa yenye nguvu kuliko zote ni mwanga wa jua, na Msuka jua haliuzwi. Kinachotakiwa ni kujua uote saa ngapi na ulikimbie saa ngapi, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Siku moja ya likizo ni bei gani?

Kabla ya kuuliza bei ya dawa, jua bei ya ugonjwa. Tuseme umelipa dola 1,800 za tiketi na kazini umepewa siku 18. Kila siku imekugharimu dola 100 hata kabla hujampa mtu zawadi. Juu yake kuna gharama zisizo na hiari kwa mwenye pasi ya kigeni: viza ya dola 50 kwa wengi, dola 100 kwa mwenye pasi ya Marekani, na bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Hizo hazikwepeki, kwa hivyo tusizihesabu katika ulinganisho.

Kanuni ya jumla ni kwamba mwili unaosafiri kuelekea mashariki hujirekebisha kwa kiasi cha saa moja kwa siku. Sababu ni saa iliyo ndani ya ubongo, kundi dogo la chembe hai nyuma ya macho, linalopokea habari ya mwanga na kuupangia mwili wakati wa kulala, kuona njaa na kupata joto. Saa hiyo, ikiachwa bila mwanga wa kuiongoza, huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kidogo. Ndiyo maana kurefusha siku kwa kwenda magharibi ni rahisi kuliko kuifupisha kwa kuja mashariki. Waliogundua namna saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe hai, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Sasa piga hesabu. Anayetoka Toronto mwezi wa Disemba ana saa nane, yaani kiasi cha wiki nzima mpaka mwili utulie kabisa. Hazipotei siku zote hizo, lakini nne za kwanza atazipata nusu nusu. Nusu ya siku nne ni siku mbili, sawa na dola 200 kwa mfano wetu. Anayetoka London hupoteza nusu siku, pengine siku moja: dola 50 hadi 100. Wa Maskati hapotezi kitu. Basi hicho ndicho kipimo. Chochote kinachouzwa kwa bei inayopita hasara kinayokuokoa nayo ni hasara ya pili.

Mwezi gani?

Tanzania haibadilishi saa mwaka mzima. Uingereza na Kanada hubadilisha, na hapo kuna nafuu ya bure ambayo wengi hawaioni.

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, London iko nyuma ya Pemba kwa saa mbili. Miezi mingine ni saa tatu. Toronto, na miji ya Marekani inayotumia saa hizo hizo kama New York na Columbus, iko nyuma kwa saa saba kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa nane wakati wa baridi. Minneapolis na Chicago ongeza saa moja. Kwa hivyo anayekuja Julai au Agosti anaanza na saa moja pungufu ya anayekuja Disemba.

Na si saa tu. Julai na Agosti ni kipupwe: usiku una ubaridi, mtu analala. Disemba mpaka Februari upepo ni wa kaskazi, joto la usiku ni kali, na mwili uliokwishapoteza saa zake hauhitaji adui mwengine. Likizo ndefu ya skuli za Uingereza nayo huangukia hapo hapo Agosti, kwa hivyo mzazi wa London hana sababu ya kutafuta mwezi mwengine, ila bei ya tiketi. Tiketi za Agosti huwa ghali, na za Disemba huwa ghali pia. Zikilingana, chukua Agosti. Disemba ikiwa rahisi kwa zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja, wa London achukue Disemba na avumilie joto. Wa Toronto apime tena.

Ramadhani ina hesabu yake. Mwezi huo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na ukiangukia katika baridi ya Toronto, mgeni hukuta jambo la ajabu: daku la saa kumi usiku Msuka ni saa mbili za usiku Toronto, wakati tumbo lake limezoea kula. Daku atalifurahia kuliko wenyeji. Kazi itakuwa adhuhuri, pale kiu na usingizi vitakapomkuta pamoja. Ruhusa ya msafiri kufungua saumu ipo, na mipaka yake aulizwe mwenye elimu kabla ya safari.

Wapi ubadilishe ndege?

Hapa ndipo tiketi mbili za bei moja zinapotofautiana thamani. Istanbul, Doha, Jiddah, Addis Ababa na Nairobi zote zinatumia saa sawasawa na Pemba, mwaka mzima. Uturuki ilikuwa ikibadilisha saa zake zamani, ikaacha mwaka 2016. Dubai na Maskati ziko mbele kwa saa moja.

Maana yake ni kwamba saa sita unazokaa Istanbul au Addis Ababa si saa zilizopotea. Ni saa sita za kwanza za Pemba. Ukila pale chakula cha mchana wakati wa mchana, ukatembea penye madirisha makubwa alasiri, ukafumba macho usiku, umeanza kazi kabla hujafika. Linganisha na anayeunganisha Amsterdam au Frankfurt: kituo chake kiko katikati, si kwao wala si kwetu.

Kwa hivyo ukiwekewa mezani tiketi mbili zinazopishana dola 30 au 40, moja ya kupita Ulaya na nyengine ya kupita Addis Ababa, Doha au Istanbul, chagua hii ya pili hata ikizidi kidogo. Na kwa wanaopenda kuunganisha likizo na umra, hilo ndilo bora kupita yote: siku tatu au nne za Makka na Madina ni siku za kuzoea saa za Pemba, na ukifika Msuka umeshakuwa mtu wa saa hizo. Gharama ya umra ni kubwa na haifanywi kwa ajili ya usingizi, lakini kama nia ipo, itangulize kabla ya Pemba badala ya kuiweka mwisho.

Kukaa muda mfupi mno kituoni nako ni rahisi ghali. Saa moja na nusu ya kukimbia kutoka mlango hadi mlango huokoa muda kwenye karatasi, na ndege ya kwanza ikichelewa hukulaza kwenye viti.

Utue saa ngapi?

Tukiruhusiwa kununua kitu kimoja tu, tutanunua hiki. Kwa anayetoka Toronto, saa nzuri ya kutua Unguja ni baina ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Sababu zake ni mbili. Kwanza, anapata jua la alasiri, ambalo kwa mwili wake ni jua la asubuhi: saa kumi jioni ya Unguja ni saa mbili asubuhi ya Toronto wakati wa baridi. Pili, baada ya safari ya usiku na mchana, uchovu wenyewe utamlaza akishaswali Isha.

Anayetua alfajiri hukutana na siku nzima ya kukesha. Kwa wa London si neno, maana alfajiri ya kwetu haiko mbali na alfajiri ya kwao. Kwa wa Toronto ni mtihani, kwa sababu tutakayoieleza chini.

Mbaya kuliko zote ni kutua saa saba au saa nane usiku. Ukimaliza uhamiaji na mizigo, usiku umebaki kipande, na chumba utakilipia usiku mzima. Tiketi hizo mara nyingi huonekana rahisi. Ongeza juu yake bei ya chumba na ya teksi ya usiku, kisha uilinganishe upya na ile ya mchana. Tofauti ya dola 60 hupungua ikawa 10.

Tahadhari moja kwa familia zenye watoto waliozaliwa ng'ambo. Tiketi huandikwa 07:00, na wenye boti watakwambia saa moja. Kijana aliyeambiwa na ami yake kwa simu kuwa boti ni saa moja akasoma moja ya simu yake, ataamka mchana na boti imeshafika Mkoani. Andikeni nyakati zote kwa namna mbili kwenye karatasi moja, na apewe kila mtu.

Kutoka Unguja hadi Msuka

Msuka iko kaskazini kabisa ya kisiwa, Wilaya ya Micheweni, ukishapita Konde. Bandari kuu ya Pemba, Mkoani, iko kusini. Anayekuja kwa boti ana bahari kwanza, kisha ana kisiwa kizima cha kukipanda. Anayekuja kwa ndege ndogo huruka kiasi cha nusu saa tu, hutua karibu na Chake Chake, na barabara iliyobaki ni ya kutoka katikati ya kisiwa.

Boti ni rahisi zaidi, hasa kwa mwenye kitambulisho cha mkaazi, maana nauli ya mkaazi na ya mgeni hazilingani. Nauli ya ndege hupanda mara kadhaa ya hiyo. Lakini kwa msafiri tunayemzungumzia kuna gharama mbili zilizojificha.

Ya kwanza ni dawa ya kichefuchefu. Mkondo wa Pemba unajulikana, na wengi humeza kidonge kabla ya kupanda. Vidonge vingi vya aina hiyo hulevya usingizi. Mtu wa Toronto akimeza asubuhi atalala boti nzima na gari nzima, afike Msuka jioni macho makavu, halafu akeshe. Kama huna historia ya kutapika baharini, usimeze kwa khofu tu. Kama unayo, muulize mfamasia dawa yenye usingizi kidogo.

Ya pili ni mizigo, na hii ni ya wanaochagua ndege. Ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15, na mtu wa ng'ambo haji na begi moja. Anakuja na masanduku mawili ya kilo 23, viatu vya wapwa na vitenge vya mashangazi. Malipo ya uzito uliozidi yanaweza kuifuta faida yote. Njia inayotumiwa na wazoefu ni kugawa: masanduku yapande boti na jamaa, mgeni aende kwa ndege na begi la mgongoni. Nauli moja ya boti ya mkaazi huwa ndogo kuliko malipo ya kilo thelathini za ziada.

Hukumu: wa Maskati na wa London waje kwa boti. Wa Toronto aliyetua Unguja alasiri alale Mjini usiku huo, kwa jamaa kama wapo, kisha siku ya pili achague kwa mfuko wake. Usiku huo mmoja Unguja, hata ukilipiwa dola 40, una thamani kuliko kuunganisha safari ya siku mbili bila kugusa kitanda.

Mwanga: cha bure, lakini kina saa zake

Ushauri unaopita mdomo kwa mdomo ni huu: ukifika tu, amka na jua, toka nje, mwili utazoea. Kwa mtu wa London ni ushauri mzuri. Kwa mtu wa Toronto unaweza kumrudisha nyuma.

Mwili hufika chini kabisa kwa joto na uchangamfu kiasi cha saa mbili au tatu kabla ya wakati wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga mkali ukiupata mwili baada ya pale, saa ya ndani husogea mbele, yaani mashariki, kunakotakiwa. Ukiupata kabla ya pale, husogea nyuma. Aliyezoea kuamka saa moja asubuhi Toronto hufika chini kabisa saa kumi au kumi na moja alfajiri ya kule. Kwa Msuka mwezi wa Disemba hiyo ni saa sita au saa saba mchana. Basi jua la saa mbili asubuhi pale Msuka, kwa mwili wake, ni jua la usiku wa manane, na linamvuta kurudi Toronto.

Kwa hivyo siku ya kwanza akae ndani au kwenye kivuli kizito mpaka saa saba mchana, na akitoka avae miwani ya jua. Alfajiri aende msikitini kama kawaida, maana bado ni giza, akirudi aingie chumbani. Baada ya saa saba atoke kwa nguvu zote: jua la adhuhuri na alasiri ndilo lake. Siku ya pili aanze kutoka saa sita, ya tatu saa tano, ya nne saa nne. Kufikia siku ya sita jua la asubuhi limeshakuwa rafiki. Akija Agosti, kila hatua irudi nyuma kwa saa moja.

Alasiri hizo za mwanzo zina mahali pa kwenda bila malipo. Kuna magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ambao mihrabu yake imechorwa mwaka 816 wa Hijria, kiasi cha miaka 600 na zaidi iliyopita. Kuna pwani ya Vumawimbi, mbele ya msitu wa Ngezi, kwa anayepata baiskeli. Pemba iko karibu na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Huhitaji programu ya simu kukwambia.

Vya dukani na vya barazani

*Melatonini.* Hii ni homoni ambayo mwili wenyewe huitoa giza likiingia. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2002 uliona inasaidia kwa wanaovuka saa tano au zaidi, ikinywewa karibu na wakati wa kulala wa unakokwenda, na kwamba kipimo cha baina ya nusu miligramu na miligramu tano hufanya kazi kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hivyo chupa ya miligramu kumi unailipia bure. Kanada na Marekani huuzwa wazi dukani, na chupa haifiki dola 20. Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari, na kwa safari ya saa mbili au tatu haina haja ya kuhangaikiwa. Tahadhari ni tatu. Utafiti wa Kanada wa 2017 ulikuta vidonge vingi havina kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Vingine vilikuwa na pungufu sana, vingine na zaidi ya mara tano. Peremende zake nyingi zina jelatini, kwa hivyo soma kama ni halali. Na mwenye kifafa, anayekunywa warfarini, mjamzito au mtoto asipewe bila daktari. Kwa wa Toronto, inafaa bei yake: nusu miligramu mpaka tatu, saa nne usiku ya Msuka, kwa siku nne au tano. Ukiinywa mchana kwa sababu umechoka, umeivuruga saa zaidi.

*Vidonge vya usingizi.* Vinakulaza, lakini havisogezi saa ya mwili. Vinahitaji daktari, vinaweza kumfanya mtu aamke akitembea bila kujijua, na ndani ya ndege vinakufanya ukae bila kunyoosha miguu. Gharama kubwa, faida ndogo. Hatuvipendekezi.

*Kahawa.* Asubuhi na adhuhuri inasaidia kumzuia wa Toronto asianguke. Tatizo ni kwamba kahawa ya Pemba hunywewa barazani baada ya alasiri na baada ya Isha, kikombe kidogo, kashata pembeni, na kukataa inaonekana maringo. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya kiasi cha saa tano. Vikombe viwili vya baada ya Isha vitakuwa vinafanya kazi saa saba usiku. Wiki ya kwanza kaa barazani, kula kashata, omba chai ya mchaichai.

*Kailula.* Usingizi mfupi wa mchana ni sunna na ni bure. Dakika 20 au 30, saa ya simu imetegwa, kabla ya alasiri. Aliyelala saa tatu kaibia usiku wake.

*Simu.* Saa nne usiku Msuka ni saa nane mchana Toronto: ndipo wenzako wa kazini wanapoandika. Izime. Ukiamka saa tisa usiku na usingizi umekata, rakaa mbili za tahajudi kwa taa hafifu hazikudhuru kitu. Kioo cha simu kitakudhuru.

*Dawa za kila siku.* Mwenye sukari anayejidunga insulini, au mwenye dawa zenye saa maalumu, apange ratiba na daktari wake kabla ya safari. Hapa pasiwe na kubahatisha.

Wenyeji nao wana sehemu yao

Nyumba ya Msuka ni nzuri kuliko hoteli kwa jambo moja: ina nyakati. Adhana tano, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, watu kuja na kuondoka. Mwili uliopotea saa hupenda utaratibu kama huo. Ubaya wake ni kwamba wageni wa kujulia hali huanza kuingia asubuhi ya kwanza, hawakatiki mpaka usiku, na kulala mbele yao ni utovu wa adabu.

Suluhisho halina gharama. Mwenye nyumba awaambie jirani mapema kuwa mgeni ataamkiwa baada ya adhuhuri kwa siku tatu za mwanzo. Bibi akiuliza, "Mbona mjukuu wangu kajifungia?" aambiwe ukweli: "Kwake sasa ni usiku wa manane, bibi. Saa saba atatoka akusalimie." Mgeni akitoka, aanze na shikamoo yake kwa kila mkubwa, na hakuna atakayemhesabia asubuhi. Karamu iwekwe jioni ya siku ya tatu au ya nne, si mchana wa siku ya kwanza. Kuku ataliwa akiwa moto, na aliyechinjiwa atakuwa macho.

Chumba apewe cha upande usiopigwa na jua la asubuhi, chenye pazia zito na feni. Pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja linatosha.

Mifuko mitatu

*Kutoka Maskati au Dubai:* usitumie hata senti kwa ajili ya saa. Chagua tiketi rahisi na boti. Kilichobaki kiwe zawadi.

*Kutoka London:* chagua Agosti ukiweza, lala mapema kwa saa moja zaidi kila usiku kwa siku mbili kabla ya safari, ota jua la asubuhi tangu siku ya kwanza. Gharama ya ziada: sifuri. Ukiuziwa chochote kinachozidi dola 20 kwa ajili ya usingizi, kataa.

*Kutoka Toronto, New York, Columbus au Minneapolis:* kama una dola 100 za ziada kwa mtu mmoja, zitumie kwa utaratibu huu. Kwanza tiketi inayotua alasiri na kupitia mji wenye saa za Pemba. Pili usiku mmoja Unguja. Tatu melatonini ya kipimo kidogo na miwani ya jua. Zikibaki, ziongeze kwenye nauli ya ndege ya kwenda Pemba. Na kama huna hizo 100, shika ratiba ya mwanga. Hiyo peke yake inashinda vyote vya dukani.

Kurudi ni kwepesi zaidi kwa sababu unakwenda magharibi, lakini wa Toronto asipange kuingia kazini asubuhi ya pili baada ya kutua, hasa kama kazi yake ni ya kuendesha gari au mashine. Usingizi utamshika mapema jioni, kwa hivyo aote mwanga wa jioni kule na ajizuie asilale kabla ya saa tatu. Aweke siku mbili kabla ya kazi, na azihesabu tangu siku anayokata tiketi, maana nazo ni sehemu ya bei ya likizo.